Maandalio ya Safari katika Mlima Denali, 1910–1932

Katika mwezi wa Aprili 1932 makundi mawili ya watu yalikuwa yakiuendea mlima mmoja katika Alaska, kila moja kwa mpango wake. Kundi la kwanza lilikwenda kwa mbwa na kwa skii, yaani zile mbao mbili ndefu nyembamba ambazo mtu huzifunga miguuni ili ateleze juu ya theluji. Kundi la pili lilichukuliwa kwa ndege. Yote mawili yalikuwa na watu hodari, wala hapana lililokwenda bila ya chakula na vyombo. Mwezi wa Mei ulipokwisha, kundi la kwanza lilikuwa limefika juu ya vilele vyote viwili vya mlima ule, jambo ambalo halikupata kutendwa na mtu awaye yote kabla yao. Kundi la pili lilikuwa limepoteza watu wawili, ambao ndio wa kwanza kufa katika mlima huo.

Watu wengi huitafuta sababu ya tofauti hii katika bahati. Bahati ilikuwako, na hapana haja ya kuikana. Walakini mtu akizisoma habari za safari zilizotangulia ile ya 1932, hawezi kuridhika na jibu hilo peke yake. Ataona ya kuwa maandalio ya safari za namna hii yana kipimo ambacho hakiandikwi katika orodha ya vitu vilivyopakiwa: nacho ni kiasi gani cha mpango hubaki kimesimama baada ya jambo la kwanza kuharibika.

Mlima wenyewe una futi 20,310, sawa na mita 6,190, na hapana mrefu kuliko huo katika Amerika ya Kaskazini nzima. Wakoyukon, ambao ni wenyeji wa upande wake wa kaskazini na magharibi, waliuita Denali, maana yake ule mrefu. Mwaka 1896 mtafuta dhahabu mmoja, William Dickey, aliupa jina la McKinley, ambaye wakati ule alikuwa akigombea urais wa Marekani na hakupata kuuona mlima huo kwa macho. Mwaka 1917 jina hilo likathibitishwa na serikali. Mwaka 2015 likaondolewa na Denali likarudishwa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ikalirejeza tena lile la McKinley katika maandishi yake. Hapa litatumika jina la wenyeji, kwa kuwa ndilo lililotangulia.

Ni lazima kwanza msomaji wa nchi za joto aelewe kwa nini watu huchagua majira ya machipuko, yaani miezi ya Machi, Aprili na Mei, kwa kazi hii. Denali upo katika latitudo ya 63 upande wa kaskazini. Katika kipupwe cha huko mchana ni saa chache tu, na baridi katika nyanda za chini yaweza kushuka hata digrii 40 chini ya sifuri. Juu mlimani ni kali kupita hapo. Katika kiangazi jua halitoki machoni ila kwa muda mfupi, lakini jua hilo hilo ndilo adui. Mito iliyoganda huyeyuka ikawa mipana na mikali, matope hufunika nyanda, mbu hutokea kwa mawingu, na theluji iliyofunika nyufa za barafu hulegea. Baina ya majira hayo mawili mna muda wa wiki chache ambamo mito ingali imara na yafaa kuwa barabara ya mbwa, mchana umekwisha kuwa mrefu, na theluji ingali ngumu, khasa wakati wa usiku. Anayeupanda mlima huu kutoka kaskazini huingia kwa mlango huo mwembamba. Akiwahi mno, baridi humvunja. Akichelewa mno, hufika juu salama kisha akaikuta njia ya kurudi imeyeyuka chini yake.

Jambo la pili la kueleweka ni mto wa barafu. Lugha ya Kiswahili haikuwa na neno lake la asili kwa kitu hiki, wala si ajabu. Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake alimwambia tu ya kuwa kile ni baridi, na kwa hakika hakukosea. Mto wa barafu si mto ulioganda. Ni theluji ya miaka mingi iliyoshindiliwa kwa uzito wake yenyewe hata ikawa barafu, kisha ikaanza kuteremka polepole bondeni kama uji mzito. Inapopita juu ya mwamba uliopinda, barafu hupasuka, na nyufa hizo zaweza kuwa na kina cha makumi ya mita. Theluji mpya huzifunika kwa daraja jembamba ambalo jicho haliwezi kulitambua. Mtu akikanyaga, daraja laweza kumchukua au kuvunjika, na hapana ishara ya kumwonya kabla.

Hapo ndipo ilipo faida ya skii, ambayo wengi hudhani ni ya mchezo tu. Mbao zenye urefu wa kupita mita mbili huutawanya uzito wa mtu, zikaweza kuvuka ufa mwembamba kama ubao uliolazwa juu ya mtaro. Kwa kupandia, vipande vya ngozi ya sili hufungwa chini yake, nywele zikielekea nyuma, hata mbao ziende mbele zisirudi. Kilimanjaro nacho kiliziona mapema: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na skii zao wakazitumia juu ya barafu ya kilele. Jina la Furtwängler limebaki kwa kipande cha barafu ya huko juu, kipande ambacho kimekonda mno siku hizi.

Kisha kuna hesabu ya mizigo, na katika hesabu hii ndimo safari nyingi zilimofia kabla hazijaanza. Watu wanne wakila ratili mbili kila mmoja kwa siku, katika siku 40 watahitaji ratili 320, na hapo hakijahesabiwa chombo wala hema wala mafuta ya jiko. Juu ya mto wa barafu hapana kuni wala mnyama wa kuwinda. Hata maji ya kunywa hununuliwa kwa mafuta, kwa kuwa ni lazima theluji iyeyushwe. Mtu hawezi kubeba vyote kwa mara moja. Hupeleka sehemu mbele, akaiacha, akarudi kuchukua nyingine, hata akawa ameipita njia moja mara tatu au tano. Siku za kwenda na kurudi nazo zataka chakula. Mbwa hupunguza kazi, lakini mbwa naye ana tumbo. Basi mwenye kupanga safari hujikuta ameongeza mizigo ili aweze kubeba mizigo.

Watu wa kwanza waliofika juu katika upande wowote wa Denali hawakuisumbukia sana hesabu hii. Walikuwa wachimba dhahabu wanne, Tom Lloyd, Billy Taylor, Pete Anderson na Charley McGonagall, ambao waliondoka Fairbanks mwezi wa Desemba 1909 baada ya mabishano na kuwekeana fedha katika baa moja ya mji huo. Hapana hata mmoja wao aliyekuwa mpanda milima. Walakini walikuwa na ujuzi ambao hauuzwi dukani: waliishi katika theluji ile kila mwaka, wakajua mbwa anaweza nini na mguu unaoganda huanza vipi. Walipitia mto wa barafu wa Muldrow, wenye urefu wa kiasi cha kilomita 60, na nyufa nyingine walizivuka kwa kulaza miti mirefu na kuifunika theluji. Tarehe 3 Aprili 1910 Taylor na Anderson walipanda kutoka futi 11,000 hata kilele cha kaskazini, wakarudi, wote kwa muda wa saa 18, wakiwa na maandazi na chupa za chokoleti ya moto. Walibeba pia mti wa msprusi wenye urefu wa futi 14 wakausimamisha juu, ili bendera yake ionekane kutoka Fairbanks.

Haikuonekana. Isitoshe, kilele cha kaskazini ni kifupi kuliko cha kusini kwa kiasi cha futi 850. Lloyd, ambaye hakufika juu, alirudi mjini akadai zaidi ya yaliyotendwa, na kwa ajili ya madai yake watu wakayakataa hata yale ya kweli. Taylor na Anderson walikaa na sifa ya waongo mpaka 1913. Katika maandalio yao jambo moja lilisahauliwa, nalo ni ushahidi.

Mwaka 1912 walifuata watu wa namna nyingine. Belmore Browne, Herschel Parker na Merl LaVoy walijiandaa kwa uangalifu mkubwa, wakakichagua kilele cha kusini, na tarehe 29 Juni walikuwa karibu kabisa na mwisho wa mlima, mahali ambapo mteremko umekwisha kulegea na mtu anaweza kutembea tu. Tufani ikawarudisha. Walijaribu tena, wakarudishwa tena. Wangeweza kungoja, lakini matumbo yao yalikataa. Chakula walichokitegemea kilikuwa pemikani, nyama kavu iliyosagwa ikachanganywa na mafuta, ambayo uwandani humshibisha mtu kwa kipande kidogo. Katika kimo kile miili yao haikuweza kuisaga. Iliwapa maumivu badala ya nguvu, wakawa wanajibana kwa chai, sukari na biskuti. Mzigo wao mzito kuliko yote ulikuwa hauna kazi. Hapana kosa la ujinga hapa, kwa sababu wakati ule ni wachache waliojua namna mwili unavyokula katika hewa nyembamba. Na hewa ya Denali ni nyembamba kuliko ile ya mlima wa kimo hicho hicho karibu na ikweta, kwa kuwa tabaka la hewa hupungua unene kwa kadiri mtu anavyoielekea ncha ya dunia.

Wakateremka kwa huzuni. Tarehe 6 Julai, walipokuwa wamekwisha kuondoka mlimani, nchi ilitikisika kwa tetemeko kubwa, na ule mgongo mrefu wa theluji walioupanda ukavunjika vipande vipande. Lau pemikani ile ingaliwafaa, yaelekea wangalikuwa juu yake siku ile.

Mgongo uliovunjika waliukuta wengine katika 1913, nao ndio wanaostahili kuelezwa kwa urefu. Kiongozi wa safari alikuwa Hudson Stuck, kasisi Mwingereza aliyekuwa na cheo cha Shemasi Mkuu wa Yukon katika Kanisa la Kiepiskopali. Aliyejua njia na theluji alikuwa Harry Karstens. Pamoja nao walikwenda Robert Tatum, kijana wa Tennessee, na Walter Harper, kijana wa miaka 20 ambaye mama yake alikuwa Mkoyukon na baba yake Mwayalandi. Vijana wawili wenyeji wa shule ya misheni, Johnny Fredson na Esaias George, walifuata kwa ajili ya mbwa na kambi. Mizigo mingi ilipelekwa kwa mashua tangu majira ya kupukutika majani ya 1912, ikawekwa akiba njiani, ili katika machipuko mbwa wasiwe na safari ya kuvuta kila kitu kutoka mwanzo. Tarehe 17 Machi 1913 wakaondoka Nenana.

Kwa habari ya pemikani, Stuck alikuwa amekwisha kusikia. Chini ya mlima, mahali penye kuni za mwisho, waliwinda na kupika nyama, wakaiponda pamoja na siagi, chumvi na pilipili, wakaifinyanga mabonge na kuyaacha yagande. Hiyo ilikuwa nyama iliyopikwa tayari, ya kutiwa tu katika sufuria huko juu ambako jiko ni dhaifu na maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha. Ni jambo dogo, lakini lilitatua yale yaliyomshinda Browne.

Kisha moto ukazuka juu ya barafu. Wawili kati yao waliwasha viko karibu na akiba ya mizigo iliyowekwa juu ya mto wa barafu, na yaelekea kijiti cha kibiriti kikaanguka mahali pabaya. Waliporudi waliona moshi. Sukari yote iliteketea, na maziwa ya unga, na matunda makavu, na mahema, na soksi nyingi. Katika nchi isiyo na duka wala jirani, safari nyingine zingalikoma hapo. Hawa walishona mahema mapya kwa vitambaa vilivyofunikia mizigo, wakakata nguo za kulalia wakatengeneza soksi, na wakaenda bila ya sukari. Hapana shaka walikuwa na bahati ya kuwa mabonge ya nyama hayakuwamo motoni. Lakini zaidi ya bahati, walikuwa na watu wanne waliojua kushona, kupika, kukata na kungoja, na kila mmoja aliweza kazi ya mwenzake.

Mgongo wa theluji ambao Browne aliupanda kwa siku chache uliwachukua wiki tatu. Karstens na Harper walikata ngazi katika mabonge ya barafu yaliyokaa kama mawe ya nyumba iliyobomoka, siku baada ya siku, na usiku theluji ikazijaza. Tarehe 7 Juni 1913 wote wanne walifika juu ya kilele cha kusini, na wa kwanza kukikanyaga alikuwa Harper. Njiani kwa darubini waliuona ule mti wa 1910 umesimama juu ya kilele cha kaskazini, na hivyo Taylor na Anderson wakapata shahidi baada ya miaka mitatu.

Esaias alikuwa amerudishwa na kundi moja la mbwa. Johnny alibaki kambini peke yake, awinde, awalishe mbwa waliobaki, angoje. Aliambiwa kiasi cha wiki mbili. Akangoja siku 31. Wazee wake walipotokea wamechoka na kuungua nyuso kwa jua la theluji, aliwatolea sukari na maziwa ya fungu lake, ambayo hakuyagusa muda wote ule, kwa sababu alijua yao yameungua. Vitabu vya habari za milima hulipita jambo hili kwa sentensi moja. Lakini maandalio ya safari ile yalikuwa yamesimama juu ya kijana huyo kama yalivyosimama juu ya Karstens: lau angaliondoka siku ya ishirini, wangaliikuta kambi tupu. Baadaye Fredson alisoma hata akawa mwenyeji wa kwanza wa Alaska kuhitimu chuo kikuu, akawaongoza watu wake wa Venetie katika kudai ardhi yao. Harper hakupewa muda huo. Alizama pamoja na meli ya Princess Sophia mwezi wa Oktoba 1918.

Miaka 19 ilipita kabla ya mtu mwingine kufika juu, na hivyo tunarudi katika 1932. Kundi la mbwa na skii lilikuwa na Alfred Lindley, mwanasheria wa Minneapolis ambaye mwaka 1924 alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki kwa kupiga makasia; Harry Liek, msimamizi wa hifadhi ya taifa ya mlima huo; Grant Pearson, askari wa hifadhi; na Erling Strom, Mnorwe mwalimu wa skii. Skii kwa Strom hazikuwa chombo cha ziada bali ndizo mwendo wenyewe. Watu wa Alaska walizoea viatu vya theluji, vile vipana vilivyosukwa, navyo vyafaa msituni; lakini juu ya Muldrow, ambako njia ni ndefu na nyufa ni nyingi, mbao ndefu zilishinda, na katika kurudi zilizigeuza siku kuwa saa. Walizitumia mpaka kiasi cha futi 11,000, chini ya ule mgongo ambao sasa unaitwa kwa jina la Karstens. Hapo wakazivua, wakavaa meno ya chuma viatuni, wakapanda. Tarehe 7 Mei walikuwa juu ya kilele cha kusini, na tarehe 9 juu ya kile cha kaskazini.

Kundi la pili liliongozwa na Allen Carpé, mhandisi wa mambo ya simu, na pengine hapana Mmarekani wa wakati ule aliyemshinda kwa ujuzi wa milima ya barafu ya kaskazini. Alikuwa amefika juu ya Logan katika 1925, mlima mrefu kuliko yote wa Kanada, na juu ya Fairweather katika 1931, na mara zote mbili kundi lake lilikuwa la kwanza. Hakwenda Denali kwa ajili ya kilele khasa. Arthur Compton, mtaalamu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikuwa akikusanya vipimo vya miali itokayo angani kutoka pande nyingi za dunia, naye Carpé alikubali kuvipeleka vyombo vya kupimia juu ya mlima huu. Vyombo hivyo vilikuwa vizito, na majira ni mafupi. Ndipo wakachagua ndege. Tarehe 25 Aprili rubani Joe Crosson alitua juu ya mto wa barafu wa Muldrow kwa ndege yenye skii badala ya magurudumu, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika mlima huo, akawashusha Carpé na kijana Theodore Koven. Wenzao watatu, Edward Beckwith, Percy Olton na Nicholas Spadavecchia, walifuata baadaye.

Ni rahisi leo kuilaumu ndege, na lawama hiyo si ya haki. Iliokoa wiki kadhaa za kuvuta mizigo, na kama itakavyoonekana, iliokoa pia maisha ya mtu. Lakini iliondoa kitu ambacho mbwa na skii humpa msafiri bila ya kuombwa. Watu wanaotembea wiki nne pamoja hufika mahali pa hatari wote, kwa siku moja, wakijuana udhaifu. Ndege huwamwaga watu mafungu mafungu, kwa kadiri ya nafasi yake na ya hali ya hewa. Mpango wa Carpé uliandikwa kwa watu watano. Mlimani watano hao hawakupata kuwa pamoja juu ya barafu ya juu hata siku moja. Carpé na Koven walitangulia peke yao hata futi 11,000 na vyombo vyao, na kule chini Beckwith alishikwa na ugonjwa mkali, Olton akabaki kumwuguza, Spadavecchia akaondoka kwenda kutafuta msaada. Hapo mpango wa watu watano ukawa wa watu wawili, na wawili wale wa juu hawakuwa na habari.

Lindley na wenziwe, wakishuka kutoka vileleni kwa furaha yao, walizikuta hema mbili za Carpé zimesimama, mifuko ya kulalia imo ndani, watu hawamo. Wakateremka zaidi wakifuata alama za miguu. Wakaukuta mwili wa Koven juu ya theluji. Karibu yake palikuwa na ufa ambao daraja lake limevunjika. Waliyoyasoma katika alama yalikuwa haya: Carpé alikuwa ametumbukia, Koven naye, ama kwa kujaribu kumwokoa ama kwa kuvunjikiwa na theluji ile ile, alikuwa ameumia, akajikokota, akafa kwa majeraha na baridi. Hapakuwa na kamba baina yao. Mtu aliyepanda Logan na Fairweather hakuwa mjinga wa kamba. Walakini kwa watu wawili tu, wenye kwenda na kurudi njia ile ile mara nyingi na mizigo, kamba huwa kero, na njia iliyokanyagwa jana huonekana salama leo. Na hata ikiwapo, mtu mmoja kumvuta mwenziwe kutoka katika ufa ni kazi ngumu mno. Yaelekea pia ya kuwa joto la Mei lilikuwa limekwisha kuyalegeza madaraja.

Ule mto wa barafu ukatoa ushahidi wake mara moja. Wanne wale walijaribu kuuteremsha mwili wa Koven, na mara Pearson akapotea machoni pao. Alikuwa ametumbukia kiasi cha futi 40. Hakufa, na juu ya ufa palikuwa na watu watatu. Wakamtoa kwa kamba, akiwa amechubuka usoni, akaendelea na safari kwa miguu yake. Ajali ilikuwa ni ile ile, katika theluji ile ile, na tofauti ilikuwa hesabu ya waliobaki juu. Wakaufunika mwili wa Koven na kuuacha mahali palipotiwa alama, kisha wakashuka kwa hadhari kubwa kuliko waliyoijua kabla. Chini wakamkuta Beckwith mgonjwa na Olton pembeni yake, ambao hawakuwa na habari ya msiba. Ndege ya rubani Jerry Jones ndiyo iliyomchukua Beckwith hata hospitali ya Fairbanks, akapona.

Tangu 1951, Bradford Washburn alipoifungua njia ya magharibi akianzia kwa ndege katika mto wa barafu wa Kahiltna, wapandaji wengi wameuacha upande wa kaskazini. Hushuka wote pamoja kwa ndege, wakafungana kamba, wakavuta mizigo yao kwa skii au viatu vya theluji baina ya Aprili na Julai. Muldrow imebaki ya wachache wanaoingia bado kwa mbwa na kwa miguu katika machipuko.

Hao nao hupanga kwa ramani isiyotulia. Katika 1956 na 1957 mto ule wa barafu, ambao kwa kawaida huenda polepole, ulikurupuka ukateremka kwa kasi, ukajipasua wote. Katika miaka iliyofuata ukatulia, nyufa zikajaa theluji, njia ikapitika tena. Mwaka 2021 ukakurupuka mara nyingine, na ile barabara nyeupe ambayo Strom aliteleza juu yake ikawa msitu wa minara ya barafu. Mwili wa Koven ulikuwa umekwisha kuteremshwa katika mwaka ule ule wa 1932. Wa Carpé haukuonekana. Vilele viwili vinavyoukabili Muldrow vimepewa majina yao, Carpe na Koven, kimoja karibu na kingine.